Nyuma ya Bi Mkubwa

Ukumbi tunaochezea uko nyuma ya zahanati. Zamani ilikuwa stoo ya vitanda vibovu, na hata leo ukiingia utaona alama za miguu ya vitanda kwenye sakafu ya saruji, vishimo vinne vinne. Sisi wazee tulivifanya nafasi zetu za kusimama, kila mtu na vishimo vyake, na ole wako usimame kwenye vya mwenzio. Mlango ni wa bati, ukiuvuta unalia. Dirisha ni moja tu, lina wavu uliojaa vumbi. Ukutani kuna picha ya jino kubwa lililotoboka, maana chumba cha jirani ndiko wanakong'oa meno, na siku nyingine muziki wetu ulikuwa ukimsindikiza mtu kwenye koleo.

Vishimo vya mbele kabisa vilikuwa vya Bi Mkubwa.

Bi Mkubwa na mimi tuliolewa na mume mmoja, yeye akitangulia. Waliotujua ujanani watakwambia vita vyetu. Kamba ya kuanikia nguo ilikuwa moja, akaifunga fundo katikati, huku kwake, huku kwangu, na shati langu likivuka fundo nitalikuta chini kwenye tope. Mume alipofariki, fundo lilibaki palepale ila hakuna aliyelitazama tena. Watoto wakaenda zao. Tukabaki wawili kwenye nyumba ya vyumba vitatu, chake, changu, na cha marehemu, ambacho tulikitia cherehani. Kuna mzee mmoja hapo ukumbini, dereva wa malori aliyestaafu, tunamwita Gia. Yeye alikuwa akisema marehemu akifufuka leo atatukuta tumeelewana, na pa kulala hana.

Kazi yake Bi Mkubwa ilikuwa kushona sare za shule. Mimi nilikuwa mpishi wa shule hiyohiyo, kwa hiyo watoto niliowalisha ndio aliowavisha. Alikuwa akimtazama mtoto anapita barabarani, anasema, huyu mabega yake hayalingani, la kushoto limeshuka, na ukipima unakuta kweli.

Yalianza na mkono wa shati. Aliushona nje ndani, akaufumua, akaushona tena vilevile. Kisha akawa anamwita muuza maji kwa jina la baba yake, aliyekwisha kuzikwa. Kisha birika likaachwa jikoni mpaka kitako kikatoboka. Siku hiyo ndiyo mwanawe wa kwanza alikuwa amekuja kutusalimia. Ni fundi umeme, anaishi mji mwingine, ghorofa ya nne. Akalishika lile birika, akalitazama tundu, akatazama uso wangu.

Alisema atamchukua. Bi Mkubwa akamjibu kwamba yeye hapandi ngazi kwenda kuishi juu ya vichwa vya watu. Baadaye kijana aliniita pembeni, karibu na ndoo za maji, akanieleza bila kunificha. Yeye na mkewe wanatoka alfajiri, wanarudi jioni. Wakimchukua itabidi wafunge mlango kwa nje. Alisema hivyo huku machozi yakimtoka, mtu mzima mwenye ndevu. Nikamwomba asubiri kwanza. Daktari wa zahanati alikuwa ametuambia habari za ngoma ya wazee, kwamba haiponyi, asitudanganye mtu, lakini mtu akitoka nyumbani, akachanganyika na wenzake, akajifunza hatua asizozijua, huenda akili ikachelewa kulala. Kijana akakubali. Akasema mvua zikiisha atarudi, aone. Akimkuta mama yake anajimudu, abaki. Asipojimudu, ndiyo basi tena.

Hivyo ndivyo tulivyoingia ukumbini, na hicho ndicho nilichokuwa nakwenda kukitafuta kila Jumanne. Wengine walifuata magoti yao. Mimi nilifuata Bi Mkubwa asije akafungiwa.

Mwalimu wetu ni muuguzi, binti mwembamba anayevaa raba nyeupe. Huweka kispika chake dirishani, anatufundisha hatua, tukishazishika anatuacha tucheze, anakimbia kufunga vidonda vya watu, anarudi. Tunasimama kwa mstari, mkubwa kwa umri mbele, na kila mtu anatazama visigino vya aliye mbele yake. Mbili kulia, mbili kushoto, unageuka kuutazama mlango, unapiga makofi, unarudi. Kila wiki anaongeza kitu kidogo, mkono juu, au goti, na anasema tusilalamike, hicho kidogo ndicho dawa.

Mwanzoni Bi Mkubwa alicheza vizuri. Alikuwa na mgongo ulionyooka na madaha fulani ya mtu aliyezoea kupimiwa nguo. Nikawa naona akili yake inarudi. Tukitoka ukumbini alikuwa akinitania njiani, ananiambia nacheza kama mtu anayekanyaga mende.

Halafu ikaja Jumanne ile. Tulipofika pa kugeukia mlango, yeye akageukia dirisha. Mimi nilikuwa nyuma yake. Nikamwona kisogo chake, na lile fundo la kitambaa, na mikono ameinua tayari kupiga makofi. Nikageuka naye. Nyuma yangu Gia, ambaye maishani hakuwahi kuacha utani upite bila kuudandia, akageukia dirisha asiseme neno. Nyuma yake mwingine, na mwingine. Bi Mkubwa alipoinua macho, ukumbi mzima ulikuwa unatazama dirisha. Akapiga makofi. Tukapiga.

Hatukuwa tumepanga. Ila nikuulize, ungefanyaje? Umwache mtu mzima peke yake anatazama ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa? Sisi tulilelewa kwamba mkubwa akionja chakula akanyamaza, hata kama chumvi hamna, nawe unakula unanyamaza. Akikosea mkubwa, tunakosea wote, na neno linaisha hapo.

Ikawa ndiyo mtindo. Akisahau makofi, hakuna makofi. Akienda kulia tatu, tatu. Mara nyingine alikuwa akisimama tu katikati ya wimbo, akitazama lile jino la ukutani, nasi tunasimama tunalitazama, wazee wazima, mpaka akumbuke miguu. Muuguzi akirudi anakuta mstari mzima unakwenda pamoja kama mtu mmoja, anacheka, anadhani tumetunga yetu.

Na nyumbani nikawa hivyohivyo. Chai ikitiwa chumvi, nilikunywa. Akisema tumwekee marehemu sahani, niliiweka, na baadaye nikaila mimi ili asiikute imejaa. Alishona magauni bila uzi kwenye sindano. Cherehani inakwenda, kitambaa kinapita, mguu unakanyaga kama zamani, na mwisho unapata kitambaa chenye tundu, tundu, tundu, zimenyooka vizuri kweli, na hakuna kilichoshikana na chochote. Ananipa, ananiambia jaribu. Mimi namwambia ahsante dada, kesho nitalivaa. Akishalala mchana, nakaa na sindano ya mkono, napitisha uzi kwenye zile tundu moja baada ya nyingine, mpaka gauni linasimama. Kesho yake nalivaa, ananizungusha, ananiambia kiuno kimekaa.

Mvua zikaisha, kijana akaja. Nilimwambia asikae nyumbani, aje ukumbini aone kwa macho yake. Akakaa kwenye benchi, mfuko wake wa zana kati ya miguu. Siku hiyo Bi Mkubwa alivaa gauni lake la maua madogo. Mimi nilikuwa nimewaambia wenzangu kwa macho tu, na wao wakanielewa. Tulicheza, sijui tulicheza nini, lakini hakuna aliyepishana na mwenzake hata kwa ukucha. Yeye mbele kama kamanda. Kijana alijifuta uso na kiganja, akaniambia, “Mama mdogo, kumbe mama yuko vizuri kuliko mimi.” Akaondoka na moyo mweupe. Mimi jioni ile nilitembea kwa miguu miepesi, kama mtu aliyevuka mtoni na mzigo wake haukulowa.

Haikupita muda, Gia akafungua mdomo. Muuguzi alikuwa anakunja waya wa kispika, akasema anatuonea fahari, hajawahi kuona mstari unaokwenda sawa hivi. Gia akamwambia si ajabu, sisi ni tela, kichwa cha lori kikipinda kona tela halina cha kuuliza, hata kikiingia mtaroni. Watu wakacheka. Muuguzi naye akacheka, kisha akaacha kucheka. Akauliza, mtaro gani.

Aliniomba nibaki. Wenzangu walipotoka, na mlango umelia mara ya mwisho, alivuta kiti akakaa karibu yangu. Hakukasirika. Alizungumza polepole, kama anavyosafisha kidonda.

“Bibi, mimi siongezi hatua mpya kwa ajili ya miguu. Mtu akikosea, akashtuka, akatafuta njia ya kurudi, hapo ndipo kichwa kinafanya kazi. Ninyi mmemtolea hiyo kazi.”

Nikamuuliza kama tumemharibu. Alitazama raba zake. Akasema maradhi yale yana njia yake, huenda yangefika yalipofika hata tungefanya nini. Akasema hawezi kuniambia ndiyo, na hawezi kuniambia hapana. Nilitaka mojawapo. Mpaka sasa ningemshukuru hata angenipa ile mbaya.

Njiani siku hiyo Bi Mkubwa alinishika mkono tukivuka barabara, akaniuliza kwa nini nimenuna, mume amekuudhi tena? Nikamwambia hapana, dada, hajaniudhi.

Tukakubaliana, sisi wa mstari, kwamba Jumanne inayofuata tutacheza kama tulivyofundishwa, na akikosea tutamwacha ajione, ajirekebishe. Gia alipinga. Alisema afadhali amtukane mama yake mzazi. Nikamwambia ni kwa faida yake, na nikamwambia kwa sauti ya kujiamini ambayo sikuwa nayo. Muuguzi aliacha vidonda vyake, akasimama nasi ukumbini.

Wimbo ukaanza. Mbili kulia, sawa. Mbili kushoto, sawa. Nikasema moyoni, leo Mungu yupo. Kisha pa kugeuka. Yeye akageukia dirisha. Sisi tukageukia mlango.

Nilisikia makofi yake. Yalikuwa peke yake, mikono miwili tu ndani ya ukumbi mzima. Nikavumilia, nikautazama ule mlango wa bati, nikahesabu misumari yake. Nilipogeuka alikuwa anatuangalia. Hakuwa na hasira. Alikuwa anawatazama watu mmoja mmoja, mabega, miguu, kama alivyokuwa akitazama kitambaa kabla hajakikata, na nikaona anaelewa. Sijaona jambo baya kuliko lile maishani, na nimezika mume. Miezi yote ile alikuwa ndani ya ukungu na hakujua ni ukungu. Sasa ulifunguka kidogo tu, wa kutosha kuona yuko wapi.

Akaja mpaka kwangu. Akalishika pindo la mkono wa gauni langu, moja ya yale aliyonishonea, akalisugua kwa vidole.

“Mdogo wangu, tangu lini?”

“Tangu lini nini, dada?”

“Mnanifuata.”

“Ni leo tu umekosea, dada. Sote tunakosea.”

Akatikisa kichwa. “Kuongopa hujawahi kujua. Ndiyo maana marehemu alikupenda.”

Akaenda akakaa kwenye benchi, pale alipokaa mwanawe. Muuguzi akapunguza muziki, kisha akauzima.

Tulipofika nyumbani alinivua lile gauni mwenyewe, akaligeuza nje ndani, akalisogeza kwenye mwanga wa mlango. Akapita na ukucha juu ya mshono. Fundi ni fundi. Akasema huu ni wa mkono. Akalikunja vizuri, akaifunika cherehani kwa kifuniko chake cha mbao, akaweka gauni juu yake. Kisha akaniambia anaomba radhi kwa lile shati. Nikamuuliza shati gani. Akasema, lile lililovuka fundo. Tukakaa kizingitini. Nilitaka jua lisitue.

Asubuhi yake akili ilikuwa imekwenda tena, na safari hii haikurudi.

Kilichofuata sikukitegemea. Yeye, aliyekuwa kichwa cha mstari maisha yake yote, akawa haanzi kitu. Mpaka mimi nianze. Nikishika kijiko, anashika. Nikikiweka chini, anaweka. Nikijikuna shingo, mkono wake unapanda shingoni polepole, na macho hayaniachi, yananitazama kama mwanafunzi anayeogopa fimbo. Nilikuwa nikila hata nikiwa sina njaa, nikinywa maji bila kiu, ili yeye apate kula na kunywa. Nikajaribu kucheka, ili acheke. Alifungua mdomo kama mimi, sauti haikutoka. Ngomani hakutaka kukanyaga tena. Tukifika getini anashika nguzo.

Kijana alikuja bila taarifa. Alitukuta uani tumekaa. Nikainuka kumpokea, na mama yake akainuka. Nikanyoosha mkono, na mama yake akanyoosha mkono kwa mwanawe kama anavyompa mgeni. Yule mtoto alisimama hapo na mkono wa mama yake mkononi, asijue aupeleke wapi. Hakunilaumu. Alisema tu, “Lakini mimi nilimwona anacheza.” Nikasema ndiyo, mwanangu, ulimwona.

Gari lilikuja asubuhi. Hakutaka kuingia. Si kwamba alikataa, alisimama tu kando ya mlango uliofunguliwa, ananitazama. Kijana akamshika bega, akambembeleza, mkwe akambembeleza. Mimi nikajua anachosubiri. Nikainama, nikaingia garini, nikakaa kwenye kiti, nikaweka mikono magotini. Naye akainama, akaingia, akakaa pembeni yangu, akaweka mikono magotini. Nikamfunga mkanda. Kisha nikafungua mlango wa upande wa pili, nikashuka upesi, nikaufunga kabla hajapata kunifuata. Alikuwa anapapasa kioo kwa kiganja, akitafuta pa kutokea. Nilisimama nikiwa nimeficha mikono yangu mgongoni, nisimpe cha kuiga.

Wanapiga simu. Kijana ananiambia mama mdogo usiwe na wasiwasi, yuko salama. Mkwe aliniambia siku moja kwamba mama anakaa karibu na mlango, kwenye stuli, toka wanapotoka mpaka wanaporudi. Hakuna wa kumwanzia chakula mchana. Wanamwachia sahani, wanaikuta imejaa.

Kwenye kamba nimelifungua lile fundo. Nguo zangu ni chache, hazifiki hata nusu.

Ukumbini nilikaa wiki kadhaa bila kwenda, muuguzi akanifuata nyumbani. Alisema nikijifungia ndani nitampa kazi mbili. Basi nikaenda. Nilikwenda kwenye vishimo vyangu, akaniambia hapana, bibi, sogea mbele, kwa umri sasa ni wewe. Wenzangu walitazama chini. Nikasogea, nikaweka miguu pale alipokuwa akiweka yake. Tukaahidiana mbele ya muuguzi kwamba hakuna tena kumfuata mtu, anayekosea aambiwe. Gia ndiye aliyeitika kwa sauti kubwa kuliko wote.

Muuguzi ametuongezea. Sasa raundi ya kwanza unageukia mlango, ya pili unageukia dirisha, kisha mlango tena. Jumanne iliyopita alituwekea wimbo, akakimbilia vidonda vyake. Nilicheza, nikihesabu moyoni. Mbili kulia. Mbili kushoto. Nikageuka.

Mbele yangu kulikuwa na dirisha, wavu, vumbi lake. Nikainua mikono. Na hapo sikujua kama hii ni raundi ya kwanza au ya pili. Nilitafuta, kama unavyotafuta ufunguo mfukoni ukijua uliutia, nikaukuta mfuko mtupu. Nikageuza shingo kuwatazama wenzangu, wanionyeshe.

Wote walikuwa wanatazama dirisha. Gia alikuwa karibu yangu, mikono juu, ametabasamu kwa mdomo uliofumbwa. Tabasamu lile nalijua kwa ndani, maana nililivaa miezi mingi nyuma ya kisogo cha mwenzangu.

Nikamuuliza polepole, “Gia, ilikuwa mlango au dirisha?”

“Popote upendapo,” akaniambia, “Bi Mkubwa.”

Hakuwa anatania. Muziki ulikuwa unaendelea, na chumba cha jirani kulikuwa kimya. Nikapiga makofi, nao wakapiga.